Msimu wa Mituweli Ng'ambo ya Rusumo

Juni 2018 nilivuka Mto Kagera pale Rusumo kwa mara ya kwanza maishani, ingawa nimezaliwa Biharamulo, mwendo wa saa chache tu kutoka mpakani. Basi dogo lilitushusha upande wetu. Mama mchuuzi aliyekuwa mbele yangu alisimama kando ya barabara, akatoa vitenge vyake kwenye rambo na kuvipanga ndani ya kikapu, maana Rwanda ilikwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na askari wake hawana mzaha na jambo hilo. Tukavuka daraja kwa miguu. Chini yetu maporomoko yalikuwa mekundu kwa udongo wa vilima vya juu. Upande wa pili maofisa wa nchi zote mbili walikuwa ndani ya jengo moja. Mihuri ikagongwa, saa zetu tukazirudisha nyuma kwa saa moja, na magari yakahamia kulia.

Mtu wa Mkoa wa Kagera havuki Rusumo bila kukumbuka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka hapo kuingia Ngara katika muda wa siku moja, na Benaco, hukohuko Ngara, ikageuka kambi kubwa kuliko miji yetu mingi. Nchi waliyoiacha nyuma ilikuwa katika mauaji ya kimbari, hospitali zimeporwa, waganga na wauguzi wameuawa au wamekimbia. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila tukizungumza habari za afya ya Rwanda huku kwetu, hakosi mtu wa kusema kwamba wenzetu wana uwezo. Uwezo upi? Kwa takwimu za mwaka 2000, watoto 196 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai nchini humo walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2014/15 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 50. Chanjo zilichangia, vyandarua vilichangia, dawa za UKIMWI na pesa za wafadhili pia. Sitaki kuipa bima sifa zote. Lakini mimi nilikwenda kuitazama bima, na sababu yangu ilianzia nyumbani.

Baba mdogo wangu alikuwa na ngiri. Alikaa nayo miaka, akiifunga kitambaa na kwenda shamba. Zahanati walimwambia aende hospitali apasuliwe mapema, akauliza bei, akarudi nyumbani. Kila msimu wa kahawa alisema mwaka huu nitakwenda, na kila msimu pesa ikaenda kwenye ada ya shule, au bati, au msiba. Kisha usiku mmoja utumbo ukanasa. Tulimbeba kwa pikipiki, tukakodi gari, tukafika hospitali ambayo sitaitaja, na pale tukaambiwa tuweke pesa kwanza. Ng'ombe aliuzwa usiku uleule kwa mtu aliyejua kwamba tumebanwa, na bei aliyotoa ilikuwa bei ya mtu anayejua. Wiki ile ikauzwa na nusu ya kibanja. Baba mdogo alipona. Binti yake aliacha shule kidato cha pili, na mdogo wake wa kiume akaenda visiwani kuvua dagaa.

Nilirudia hesabu ile mara nyingi baadaye. Upasuaji wa kupangwa, mtu akiwa anatembea kwa miguu yake, ungegharimu sehemu ndogo tu ya tulichotoa. Ugonjwa ulikuwa uleule na kisu kilekile. Kilichoigeuza familia ile kuwa maskini ni ile miaka ya kungoja, na alingoja kwa sababu kila alipokuwa mzima hakuwa na pesa ya kutoa mara moja. Madereva wa malori wanaolala Benaco walikuwa wakinieleza kwamba ng'ambo mkulima wa namna hiyo huingia hospitali na kadi. Nilitaka kuona kadi hiyo inafanya kazi vipi kwa mtu anayeishi kwa maharage na ndizi.

Kutoka mpakani barabara inapanda Wilaya ya Kirehe, migomba kushoto na kulia, baiskeli zimebeba mikungu minne mitano kila moja. Mwenyeji wangu alinipokea Nyakarambi. Alikulia Karagwe, akarudishwa kwao mwaka 2013 pamoja na maelfu ya wenzake katika ile operesheni ya kuwaondoa wahamiaji, na Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa, hata cha kununa. Nilimwita dada, yeye akaniita kaka, na habari ya 2013 tuliizungumza mara moja tu, jikoni, kwa sauti ya kawaida. Alifika Kirehe na watoto, sufuria na godoro moja. Nilipokutana naye alikuwa mjumbe wa afya wa kijiji chake, wale wanaoitwa abajyanama b'ubuzima, ambao majirani huwachagua wenyewe. Nchi nzima wako makumi ya maelfu. Ndani ya sanduku lake la mbao alikuwa na vipimo vya haraka vya malaria, dawa za malaria za watoto, dawa za kuharisha, mizani ya kuning'iniza na daftari.

Asubuhi yangu ya kwanza alikuja mama na mtoto aliyechemka homa. Dada alimtoboa kidole, tukasubiri, mstari wa pili ukatokea, akampa kidonge cha kwanza palepale na maji ya kikombe. Mama akarudi shambani kabla umande haujakauka. Nilibaki nikitazama lile daftari. Katika hesabu za kitaifa tendo kama hilo ni dogo sana, lakini ndilo linalozuia degedege, na kulazwa, na kukodi gari usiku.

Mituweli, ndiyo bima ya kadi hiyo, haikuzuka siku moja. Vita na mauaji yalipokwisha, huduma zilitolewa bure kwa muda, kisha mwaka 1996 serikali ikarudisha utaratibu wa mgonjwa kulipa. Watu hawakuwa na kitu. Kufikia 1999 mahudhurio vituoni yalikuwa yameporomoka hata ikawa, kwa wastani, watu wanne wanaingia kituoni mara moja tu kwa mwaka mzima, wote wakijumlishwa. Mwaka huo ndipo majaribio ya mituweli yalipoanza katika maeneo matatu, Byumba, Kabgayi na Kabutare: familia yenye watu hadi saba ilitoa faranga 2,500 kwa mwaka. Waliojiunga wakaonekana vituoni mara kadhaa zaidi ya majirani zao wasio na kadi. Mpango ukasambazwa nchi nzima katikati ya muongo uliofuata, na sheria iliyotungwa mwishoni mwa 2007 ikafanya kuwa na bima ni lazima kwa kila mkazi.

Nisisitize hapo kwenye ulazima, kwa sababu ndipo tulipoachana na wenzetu. Sisi tulianza mapema kuliko wao. Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianzia Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake 2001, na serikali ikaahidi tele kwa tele, yaani kila shilingi ya mwananchi iongezewe nyingine ya serikali. Lakini kujiunga kulibaki hiari. Waliojiunga wakawa wengi wao wagonjwa au watu wanaotarajia kuugua, mfuko ukakauka, dirisha la dawa likaanza kujibu "hakuna", na mwaka uliofuata waliokuwa na kadi hawakuihuisha. Nyumbani kwetu kadi ya CHF ilikuwapo mwaka mmoja, ikaachwa. Ndiyo miaka ileile ambayo baba mdogo alikuwa akifunga kitambaa.

Kituo cha afya alichonipeleka dada kilikuwa juu ya kilima, mwendo mzuri wa miguu. Mgonjwa akifika alipita kwanza kwa karani wa mituweli, kijana mwenye kompyuta, aliyetazama kama nyumba nzima imelipa. Nyumba nzima, kwa utaratibu wa wakati ule: kama mko wanane na mmelipia watano, wote wanane hamjalipa. Sharti hili lilikuwa na ukali wake, nitalirudia, lakini lilizuia watu kulipia bibi mgonjwa peke yake na kuwaacha vijana wazima nje. Karani akiridhika, mgonjwa alitoa faranga 200, wakati ule kama shilingi mia tano za kwetu, na hizo zilimfikisha kwa muuguzi, maabara na dawa. Akipewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, alilipa asilimia 10 ya gharama na mfuko ukalipa zilizobaki. Nilikaa pale benchini hadi mchana, nikawasikiliza watu. Mengi waliyokuja nayo yalikuwa madogo: kikohozi cha juma moja, kidonda cha jembe, mjamzito wa miezi minne amekuja kupimwa shinikizo. Madogo hayo yalinipa furaha kubwa. Kwetu benchi la namna hiyo lina watu walioshikiliwa kwapani.

Michango ilitegemea ubudehe, mpango ambao wanakijiji walikaa na kupanga kila nyumba katika daraja lake la maisha. Mwaka ule daraja la chini kabisa mchango wao ulikuwa faranga 2,000 kwa mtu na ulilipwa na serikali, madaraja mawili ya kati walitoa 3,000 kwa kila kichwa, matajiri 7,000. Faranga 3,000 zilikuwa kama shilingi elfu nane. Tangu 2015 makusanyo yote yanakwenda kwenye mfuko mmoja wa taifa, RSSB, uleule unaoshughulikia pensheni. Kabla ya hapo kila wilaya ilijitegemea, na wilaya maskini zilielemewa na madeni ya hospitali. Nilielezwa habari hizo Kigali baadaye na mhasibu mstaafu, kwa kirefu sana, na kiini chake ni hicho: mkusanyiko mkubwa hubeba mgonjwa mzito bila kuyumba, mdogo hauwezi.

Lakini nataka kumzungumzia mzee wa Nyakarambi. Dada alinipeleka kwake jioni, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia habari za baba mdogo na yeye akasema, "Twende, kuna mtu umwone." Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, maana naye aliwahi kuchunga ng'ombe upande wetu. Alikuwa amepasuliwa ngiri miezi michache nyuma. Uvimbe ulipoanza alimwambia dada, dada akamwandikia karatasi, kituo kikampa rufaa, hospitali ya wilaya ikampangia siku. Alikwenda kwa basi, akalala siku chache, akalipa sehemu yake ya kumi kwa pesa ya gunia la maharage, akarudi kwa basi. Nilimwomba anionyeshe kovu. Lilikuwa fupi na safi. Nyuma ya nyumba ng'ombe wake wa Girinka, mpango wa kuzipa familia maskini ng'ombe mmoja mmoja, alikuwa akitafuna majani ya tembo. Mzee alikuwa na wajukuu wawili wanaonywa maziwa ya ng'ombe huyo. Nilitamani baba mdogo angekuwa nami pale.

Wataalamu waliopima miaka minane ya kwanza ya mituweli walikuta mambo mawili: wenye bima hutafuta tiba zaidi wanapougua, na nyumba zao hazikumbwi sana na matumizi makubwa ya matibabu, yale yanayokula chakula na ada. Nilikuwa nimesoma hayo kabla ya kusafiri. Kwenye ua wa mzee niliyaona yana pembe na mkia.

Sasa yale magumu, kwa sababu yapo. Jirani wa dada alikuwa mjane mwenye watoto saba. Wanakijiji walimweka daraja la pili, kwa kuwa alikuwa na nyumba ya bati aliyoachiwa na mumewe. Vichwa vinane mara faranga 3,000 ni 24,000, na zilihitajika zote. Mwaka wa bima huanza Julai mosi. Yeye maharage yake aliyauza kulipia sare na madaftari, akafikisha nusu tu ya mchango. Mpaka atimize, nyumba nzima ingekuwa nje, pamoja na kitinda mimba mwenye pumu. "Walionipanga wanaona bati," aliniambia, dada akitafsiri, "hawaoni ninachopika." Niliona ana haki. Mstari unaotenganisha anayelipiwa na anayejilipia ukichorwa vibaya kidogo, anayeumia ni huyu wa juu kidogo tu ya mstari, ambaye si maskini wa kuhesabika wala si mwenye nazo.

Hata faranga 200 zilikuwa na watu zilizowazuia. Na dawa ikikosekana kituoni, duka binafsi la dawa lilikuwa haliipokei kadi ya mituweli, mtu akanunua kwa bei kamili. Nauli ya kwenda hospitali haimo. Viongozi wa ngazi za chini, kwa upande wao, hupimwa katika imihigo, mikataba yao ya utendaji, na mojawapo ya vipimo ni asilimia ya watu waliolipa mituweli. Mwisho wa Juni wanabisha milango kwa nguvu, na si kila mlango unaobishwa kwa upole. Ulazima ninaousifu una uso huo pia. Bado nausifu, kwa sababu nimeona hiari ilitufikisha wapi.

Jumapili alasiri dada alinipeleka kwenye kimina. Ni chama cha kuweka akiba, kama upatu au vikoba vyetu, ila hiki walikiunda mahususi kwa ajili ya mituweli: kila wiki kila nyumba huleta mia mbili, mia tatu, kwa kadiri ya vichwa vyake, na Juni ikifika pesa ipo bila mtu kuuza kitu. Walikaa kwenye nyasi chini ya mparachichi. Mweka hazina alisoma majina, kila aliyetajwa akasimama na kuweka pesa kwenye sahani. Nilipenda akili ya mpango huu kuliko kitu kingine chochote nilichokiona Kirehe. Mkulima hana elfu ishirini na nne. Ana mia mbili, na anazo mara nyingi. Mtu aliyekubali kuzipokea mia mbili zile, wiki baada ya wiki, kilimani kwake, ndiye aliyeifanya bima iwezekane kwa mkulima. Ofisi ya mjini inayofunguliwa saa za kazi isingeweza.

Ajenda ya mwisho ilikuwa yule mjane. Alichelewa kujiunga na kimina, kwa hiyo akiba yake ilikuwa ndogo. Walibishana muda mrefu. Mzee mmoja alisema wakimkopesha huyu, kesho watakuja wengine watano. Mama mmoja akajibu kwamba kitinda mimba wa pumu hawezi kungoja mavuno ya Januari. Dada hakutafsiri yote, lakini nyuso zilinieleza. Hatimaye walipiga kura kwa kunyoosha mikono, wakamkopesha kiasi kilichopungua, arudishe kidogo kidogo hadi maharage ya msimu unaofuata. Mjane alisimama, akasema murakoze, akakaa.

Kisha walinigeukia. Walitaka kujua kwetu tunafanyaje. Niliwaeleza habari za CHF na kwamba ilikuwa ikiboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Mweka hazina akapiga hesabu haraka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa kichwa ilikuwa nafuu kuliko yao. "Na asiye nazo?" akauliza. Nikasema sera inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasiojiweza. "Na yule asiye mtoto wala mzee?" Nikawajibu ukweli, kwamba huyo hukaa nyumbani.

Nilirudi kupitia Rusumo, na miaka ikapita. Novemba 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na inataja mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Niliipokea kwa moyo wote. Hata hivyo nilipoisoma nilikuwa nikitafuta mambo ya Kirehe: nani atakayekaa na kupanga nani hana uwezo, kama atakuwa mtu anayejua nyumba inapika nini, na anayejilipia atatoa lini, kwa mkupuo au kwa mia mbili mia mbili.

Nikaenda Biharamulo kumsomea baba mdogo. Nywele zimekuwa nyeupe, na nusu ya kibanja iliyobaki ameijaza migomba hadi ukingoni. Alisikiliza vifungu bila kunikatiza. Nilipomaliza alinionyesha upande wa pili wa tumbo, ambako ngiri nyingine imeanza kuchomoza, akauliza kama nayo itahesabiwa. Nikamwambia nayo ni ugonjwa kama mwingine wowote. Akauliza makusanyo yatakuwa mwezi gani. Nikasema sijui.

"Waambie Agosti," akasema. "Agosti kahawa inakuwa imelipwa. Wakija Februari, hapa hawatakuta kitu kwa mtu yeyote, kuanzia kwangu hadi kule barabarani."